Waya wa Tatu: Njia ya Umeme Kwenda Ardhini



Ndugu wasomaji, mama zetu na dada zetu, juma hili twapenda kulizungumzia jambo lililomo ndani ya kila nyumba yenye umeme, nalo aghalabu halitajwi mpaka janga litokee. Mtu hushika mlango wa friji kwa mkono wenye majimaji, miguu i peku sakafuni, akahisi kama sisimizi wamtambaao vidoleni. Watu wa nyumbani humwambia, "Friji hiyo yapiga shoti kidogo, vaa ndara." Anavaa ndara, na maisha yanaendelea. Sisi twasema kwamba ndara si dawa. Mtekenyo ule ni habari, na anayeielewa habari hiyo huweza kuiokoa nyumba yake.

Ili kuielewa, hatuna budi kuanza mbali kidogo na jikoni. Kila kitu tukionacho kimejaa chaji za umeme za aina mbili, chanya na hasi. Zikiwa sawasawa, kitu hutulia wala hatuhisi lolote. Chaji zinazofanana hufukuzana, na zinazotofautiana huvutana. Kuna vitu ambavyo chaji haziwezi kutembea ndani yake, kama vile plastiki, kioo, mpira na mbao kavu. Na kuna vitu ambavyo chaji hutembea kwa wepesi, kama shaba, chuma, aluminiamu, maji ya chumvi, mwili wa binadamu, na ardhi yenye unyevu. Vitu hivi vya pili huitwa vipitishi.

Wazee wetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Katika mambo ya umeme, fimbo ya mbali yafanya kazi. Ukileta chaji karibu na kipitishi bila ya kukigusa, chaji zilizomo ndani ya kipitishi husogea. Zile za aina kinyume huvutwa upande wa karibu, na zile zinazofanana na mgeni hukimbilia upande wa mbali. Maadamu kipitishi hicho kimesimama peke yake, hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Chaji zimejipanga upya tu, na mgeni akiondoka hurudi mahali pake. Lakini kama kipitishi kimeunganishwa na ardhi, zile zinazokimbia hupata njia ya kutoka kabisa. Zitashuka ardhini, au chaji za kinyume zitapanda kutoka ardhini, na matokeo ni yale yale: kipitishi chabaki na chaji ya aina kinyume na ile ya mgeni, ilhali hawakugusana hata mara moja.

Jambo hili laweza kuonyeshwa nyumbani, na watoto hulifurahia. Chukueni kopo tupu la soda, mlisimamishe juu ya kikombe cha plastiki kikavu kilichopinduliwa. Kateni utepe mwembamba wa foili ya jikoni, upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 5, muukunje ncha na kuuning'iniza kwenye ukingo wa kopo. Kisha mpulize puto, mlisugue kwenye kitambaa cha sufu au kwenye nywele kavu zisizotiwa mafuta. Ni vyema kuchagua mchana mkavu wa kaskazi, kwani hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi na chaji huvuja upesi. Siku ya mvua kazi hii haifanikiwi.

Sogezeni puto karibu na kopo, upande usio na utepe, bila ya kuligusa. Utepe utainuka na kujitenga na kopo, kwa kuwa chaji hasi za puto zimezisukuma chaji hasi za kopo hadi upande wa utepe, na zinazofanana hufukuzana. Puto likiwa bado pale pale, mtoto na aliguse kopo kwa kidole. Utepe utaanguka. Mwili wa mtoto umekuwa njia, na chaji zilizokuwa zikikimbia zimepita humo kwenda zake. Sasa aondoe kidole kwanza, kisha puto liondolewe. Utepe utainuka tena na kubaki hivyo kwa muda, kwani kopo sasa lina chaji chanya ya kwake. Puto halikulipa kitu chochote.

Waulizeni watoto ingekuwaje kama puto lingeondolewa kwanza na kidole baadaye. Wajaribu wenyewe. Wataona kwamba utepe hauinuki, kwa sababu njia ilikuwa bado wazi na chaji zilirudi. Kwa hivyo mambo mawili yaamua kila kitu: kama njia ya kwenda ardhini ipo, na wakati gani inafungwa. Tutayahitaji mambo haya mawili tutakaporejea jikoni.

Ni kiasi gani cha chaji kinachovutwa? Wataalamu wamelipima swali hili kwa uangalifu. Mnamo 1843, Michael Faraday wa London alichukua ndoo ya madini ya kuwekea barafu, akateremsha ndani yake, kwa uzi wa hariri, mpira wa madini uliotiwa chaji. Mpira haukugusa ndoo. Akaona kwamba ndoo inapouzunguka mpira, chaji inayoamshwa juu yake ni sawa kabisa na ile ya mpira, haizidi wala haipungui. Kipitishi kisichomzunguka mgeni hupata sehemu tu. Tufe la madini lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, lililounganishwa na ardhi, likiwa na chaji ndogo iliyo mita 1 kutoka kitovu chake, huvuta sehemu moja tu ya kumi ya chaji hiyo. Chaji ikisogezwa hadi sentimita 50, huvuta sehemu moja ya tano. Kadiri mgeni anavyokaribia, ndivyo mwito wake unavyozidi kuitikiwa.

Uwanda mpana ulio tambarare ni kisa cha namna yake. Katika miaka ya 1840, kijana mzaliwa wa Belfast aliyeitwa William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, aligundua njia ya kulikokotoa jambo hili kwa kutumia wazo la kioo. Ukisimama mbele ya kioo, waona sura yako nyuma yake, kwa umbali ule ule. Thomson alionyesha kwamba chaji iliyo mbele ya uwanda wa madini uliounganishwa na ardhi huvutwa kana kwamba upande wa pili wa uwanda, kwa umbali ule ule, imesimama chaji nyingine iliyo sawa nayo lakini ya aina kinyume. Kwa kweli nyuma hakuna kitu. Ni chaji zilizotandaa juu ya uso wa uwanda ndizo zifanyazo kazi hiyo, na jumla yake ni sawa na ile ya mgeni. Zimesongamana zaidi mahali palipo chini yake moja kwa moja, na hupungua kadiri unavyokwenda pembeni. Nusu yake imo ndani ya duara ambalo nusu kipenyo chake ni takriban mara 1.73 ya umbali wa mgeni kutoka kwenye uwanda.

Hesabu hiyo yatuhusu kila msimu wa mvua. Wingu la radi kwa kawaida hubeba chaji hasi upande wake wa chini, na ardhi iliyo chini yake ndiyo uwanda. Tuseme chaji hiyo iko juu kwa kilomita 6, tukiichukulia peke yake. Nusu ya chaji chanya inayoitwa ardhini itakuwa imetandaa katika duara la nusu kipenyo cha zaidi ya kilomita 10. Mtu aliye pembeni, ambaye juu ya kichwa chake hakuna hata tone la mvua, naye amesimama ndani ya duara hilo. Minazi, mnara wa msikiti, mlingoti wa jahazi, na mvuvi aliyesimama wima ndani ya ngalawa, vyote ni ardhi iliyoinuka kuelekea wingu, na katika ncha zake ndimo chaji hujazana zaidi.

Hapa ndipo ilipo tofauti baina ya kipitishi chenye njia na kisicho na njia, na historia ina ushahidi wa kusikitisha. Mnamo Mei 10, 1752, kijijini Marly-la-Ville nchini Ufaransa, ufito mrefu wa chuma ulisimamishwa chini ya wingu la radi kwa kufuata wazo la Benjamin Franklin wa Marekani. Kwa makusudi haukuunganishwa na ardhi, bali ulikalishwa juu ya chupa za mvinyo ili chaji zisipate pa kutokea. Mwanajeshi mstaafu akausogelea na kuona cheche zikiruka. Alisalimika, na habari ikaenea Ulaya nzima.

Mwaka uliofuata, katika mji wa Saint Petersburg, Urusi, mwanachuoni Georg Wilhelm Richmann aliweka juu ya paa lake ufito kama huo, akauvuta waya hadi ndani ya chumba, nao haukuwa na njia ya kwenda ardhini. Wingu lilipokuja, alikimbia nyumbani kukitazama kipimo chake. Alipoinama kukisoma, mwali uliruka kutoka kwenye chuma hadi kwenye paji la uso wake, akafa papo hapo. Njia ya kwenda ardhini haikuwapo, basi yeye mwenyewe akawa njia.

Mwaka ule ule wa 1753, Franklin alikwisha chapisha katika kalenda yake ya mwaka maelezo ya kuilinda nyumba. Ufito wa chuma uzidi kilele cha paa kwa futi 6 hadi 8, na mwisho wake wa chini uingie futi 3 au 4 ndani ya ardhi yenye unyevu. Chuma ni kile kile kilichomuua Richmann. Kilichobadilika ni mwisho wake wa chini, na hata neno "unyevu" halikuwekwa kwa urembo, kwani mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama wapaswa kulijua, hasa wanaoanika nguo juu ya waya wa chuma uliofungwa kwenye nguzo za miti. Waya huo ni kipitishi kirefu kisicho na njia nzuri ya kwenda ardhini. Wingu likiwa juu, chaji huvutwa na kukusanyika juu ya waya pole pole. Radi ikipiga mahali pengine, hata mbali, wingu hupoteza chaji yake kwa ghafla, na zile zilizokuwa zimeshikiliwa juu ya waya huachiliwa mara moja. Mwingereza Lord Mahon aliliandika jambo hili mnamo 1779, akaliita pigo la kurudi. Anayeanua nguo wakati huo anaweza kupigwa ilhali radi haikumwangukia. Kwa hiyo nguo na zilowe. Ngurumo ya kwanza ikisikika, kila mtu aingie ndani, na watoto wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wasijikinge chini ya mwembe wala mnazi. Wavuvi nao wasingoje wingu liwafikie ndipo wageuze tanga.

Sasa turejee jikoni, kwani humo pia mna wingu dogo. Ndani ya friji, mashine ya kufulia au birika la umeme, mna waya wenye nguvu ya volti 240, na umezungukwa na bodi la madini. Waya huo haugusi bodi. Baina yao pana plastiki. Lakini kama tulivyoona kwa puto na kopo, kutogusana hakuzuii mwito. Chaji za waya huo hubadilika kutoka chanya hadi hasi na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, na kila mara huzivuta na kuzisukuma chaji zilizo katika bodi.

Kama bodi limeunganishwa na ardhi kwa waya wa tatu, ule wa rangi ya kijani na manjano ambao mafundi huuita athi, chaji hizo hupanda na kushuka humo kimya kimya, wala hakuna anayehisi. Kama waya huo umekatika au haukuwekwa, bodi hubaki kama lile kopo juu ya kikombe cha plastiki, likingoja kidole. Mama mwenye miguu peku juu ya sakafu yenye maji akigusa, yeye ndiye waya wa tatu. Ndio ule mtekenyo.

Umeme unaopita kwa namna hii kwa kawaida ni mdogo mno, wala hauui. Hatari yake ni katika kile unachotuambia, yaani kwamba njia ya kwenda ardhini haipo. Siku panya akitafuna plastiki ya waya, au joto likaichoma, waya wa moto utaligusa bodi hasa. Hapo si mwito tena bali ni volti 240 kamili juu ya mlango wa friji. Nyumba yenye njia ya ardhini, umeme mwingi hukimbilia humo ghafla, fyuzi hukatika au swichi kuu hujizima, na watu husalimika. Nyumba isiyo na njia, hakuna kinachokatika. Bodi hutulia vile vile, likimngoja atakayelishika. Kisha mtekenyo mdogo na hitilafu kubwa inayoanza haviwezi kutofautishwa kwa mkono. Mwenye busara huvihesabu vyote kuwa hatari.

Tazameni plagi zetu za pini tatu. Pini ya juu, ambayo ni ya ardhi, ni ndefu kuliko zile mbili. Imefanywa hivyo ili itangulie kuingia na iwe ya mwisho kutoka, njia iwe wazi kabla umeme haujafika na ibaki wazi mpaka umeondoka. Aidha, pini hiyo ndiyo ifunguayo vifuniko vidogo vilivyo ndani ya soketi. Basi yule anayechokoa tundu la juu kwa kalamu ili apachike plagi ya pini mbili, au anayeikata pini ya juu, au fundi anayeuacha waya wa kijani ukining'inia kwa kuwa "hata bila huo kitu kinawaka", amefanya kosa ambalo halionekani kwa macho. Friji itagandisha na pasi itapata moto kama kawaida. Vipo vifaa vilivyotengenezwa bila ya kuhitaji waya wa ardhi, na vyenyewe huwa na alama ya mraba ndani ya mraba. Hivyo havina neno. Lakini kila chenye bodi la madini na plagi ya pini tatu, waya wake wa tatu ni haki yake.

Twapendekeza, basi, mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya. Kifaa kikimtekenya mtu, kizimwe kwenye swichi ya ukutani, kichomolewe, na kisitumike mpaka kikaguliwe. Aitwe fundi mwenye leseni, naye aulizwe waziwazi: je, nyumba hii ina ufito wa ardhi, na je, umepimwa? Swali hili ni muhimu kwetu zaidi kuliko kwa watu wa bara. Hewa ya chumvi hula maungio ya shaba na chuma, na nyumba nyingi zimesimama juu ya mawe ya matumbawe na mchanga unaokauka upesi. Ufito uliopigiliwa miaka mingi iliyopita waweza kuwa bado waonekana kwa nje, kumbe umeshaachana na waya wake chini ya ardhi.

Shawa ya umeme ya maji moto isitumiwe kabisa katika nyumba isiyo na njia hiyo, kwani anayeoga amelowa mwili mzima na amesimama juu ya maji. Wenye uwezo waongeze ile swichi ya usalama inayojikata yenyewe umeme unapovuja kwa miliampia 30. Hiyo hulinda hata pale waya wa ardhi unapokuwa dhaifu, ijapokuwa haichukui nafasi yake. Na wapangaji wasione haya kumwambia mwenye nyumba. Gharama ya kurekebisha waya wa ardhi haiwezi kulinganishwa na uhai wa mtoto mmoja.

Kwa wazazi ambao wanawe wako shuleni, twaongeza ombi moja. Fanyeni lile jaribio la kopo na puto pamoja nao, kisha wapelekeni mbele ya plagi ya friji na muwaonyeshe pini ya juu. Mtoto aliyeona kwa macho yake utepe ukianguka kwa sababu ya kidole chake mwenyewe ataelewa kwa nini kidole hicho kisiwe njia. Na yeye ndiye atakayewakumbusha wakubwa, siku mtu atakapotaka kuingiza kalamu katika tundu la juu.

Mola atuhifadhi sisi na nyumba zetu. Wabillahi tawfiq.